Nukta na Kivuli: Historia Fupi ya Toni katika Michoro ya Wino ya Kijapani

Mwalimu yeyote aliyewahi kurudufu karatasi za mtihani zenye picha anaijua aibu hii. Umechora mlima kwa penseli, ukautia kivuli laini upande mmoja, ukaridhika. Picha inapotoka kwenye mashine, ama kivuli kimefutika chote, ama mlima mzima umekuwa doa jeusi, na mtahiniwa wa kwanza anainua mkono kuuliza kama lile ni mlima au ni ng'ombe amelala. Kosa si la mkono wako. Umekutana na sheria iliyowasumbua wachapaji kwa karne nyingi, nayo ni kwamba wino mweusi haujui kuwa wa kijivu. Mahali ama pamepata wino, ama hapakupata.

Makala haya yanaeleza jinsi wanadamu walivyoizunguka sheria hiyo kwa kutumia nukta ndogo, jinsi nukta hizo zilivyofika Japani zikawa sehemu ya sanaa ya hadithi za picha, na jinsi zilivyohamia katika kompyuta na simu za watoto wetu. Lakini kabla ya historia, sina budi kuungama jambo.

Miaka michache iliyopita chama cha Kiswahili cha shule ninayofundisha kilitayarisha kijitabu cha hadithi za wanafunzi. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alileta picha sita kwa mtindo ambao vijana huuita wa anime: macho makubwa yenye mng'aro, nywele zenye ncha, mistari ya wino iliyo myembamba hapa na minene pale. Kivuli cha nyuso kilikuwa cha nukta ndogo zilizopangika sawasawa, na sketi ya msichana katika hadithi ilijaa mirabaraba. Nilimwuliza nukta zile zilimchukua muda gani. Akajibu kwa heshima, "Sikuzichora, Mwalimu. Zimo ndani ya simu, mimi nilizichagua tu." Nilimrudishia picha zake, na juu ya bahasha nikaandika: kazi ya mashine. Yale mnayoyasoma hapa ni matunda ya kusoma kwangu baada ya hukumu ile.

Tatizo la kijivu

Wachapaji wa zamani wa Japani hawakuwa na taabu kubwa ya kijivu. Picha zao zilichapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, na kila rangi ilikuwa na kibao chake. Mchapaji aliyetaka kijivu alipunguza wino kwa maji. Aliyetaka mbingu iliyokolea juu na kufifia chini alipaka wino kwa brashi juu ya kibao, kidogo kidogo, kabla ya kila karatasi. Katsushika Hokusai, ambaye juzuu ya kwanza ya vitabu vyake vya michoro viitwavyo Manga ilitoka mwaka 1814, alichapiwa kwa njia ya vibao. (Neno hilo la Kijapani, ndugu msomaji, halina udugu wowote na Manga ya Waswahili, yaani Uarabuni, tunayoitaja katika pilipili manga. Ni bahati ya sauti tu.)

Mitambo ya kasi ya Ulaya na Marekani haikuwa na subira ya brashi. Gurudumu lilipaka wino ule ule mahali pote palipoinuka. Kwa hiyo wachongaji wa Ulaya walifanya kivuli kwa mistari: mistari iliyo mbali ilionekana kijivu chepesi, iliyokaribiana ilionekana kijivu kizito, na iliyokatana ilikaribia weusi. Jicho la msomaji, likiwa umbali wa mkono, ndilo lililochanganya nyeusi na nyeupe likapata kijivu. Ujanja wote uliofuata umejengwa juu ya udhaifu huo mmoja wa jicho.

Picha za kamera ziliongeza haja ya njia iliyo bora. Mwaka 1852 Mwingereza William Henry Fox Talbot alipata hataza ya njia iliyotumia kitambaa chepesi chenye matundu kuivunja picha iwe vipande vidogo. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya kamera ya vibanda vya maskini, iliyovunjwa kwa wavu wa namna hiyo. Mwaka 1882 Georg Meisenbach wa Ujerumani akapata hataza yake, na njia hiyo ikaanza kutumika kibiashara. Ukitazama picha ya gazeti la zamani kwa kioo cha kukuza, utaona nukta kubwa penye giza na nukta ndogo penye mwanga, zote zikiwa nyeusi vile vile.

Kwa upande wa michoro ya mkono, jina linalokumbukwa ni la Mmarekani Benjamin Day, mwana wa yule Benjamin Day aliyeanzisha gazeti la The Sun la New York mwaka 1833. Mwaka 1879 mwana huyo alipata hataza ya utando wa jelatini wenye nukta au mistari iliyoinuka. Fundi aliupaka utando wino, akaukandamiza juu ya bamba mahali palipohitaji kivuli, na sehemu nyingine akazikinga kwa utomvu ili zisipokee nukta. Basi tangu mwanzo nukta hizi hazikuchorwa na mchoraji. Zilitengenezwa kwanza, kisha zikachaguliwa na kuwekwa mahali pake. Niliposoma hayo, nikaikumbuka bahasha yangu.

Karatasi yenye gundi

Njia ya Day ilihitaji fundi wa kiwanda. Katika miaka ya 1930 huko Marekani zilianza kuuzwa karatasi angavu zilizochapwa nukta tayari na kupakwa gundi nyepesi kwa nyuma. Jina la kibiashara lililojulikana sana ni Zip-A-Tone. Sasa mchoraji mwenyewe, akiwa mezani kwake, aliweza kubandika karatasi juu ya mchoro, kukata kwa kisu kufuata mpaka wa kivuli, kubandua mabaki na kusugua kilichosalia kishike. Kampuni ya Letraset ya Uingereza nayo ikaja kuuza karatasi za aina hiyo. Kulikuwa pia na ubao wa Craftint, ambao nakshi zake zilikuwa zimefichwa ndani ya karatasi zikangoja dawa ya kuzidhihirisha. Roy Crane, mchoraji wa hadithi za picha wa Marekani, alisifika kwa kuutumia.

Marekani yenyewe iliendelea kupenda rangi, na nukta zake zikawa za kubebea rangi katika vijitabu vya bei rahisi. Mwaka 1963 Roy Lichtenstein alizikuza nukta hizo katika mchoro wake mkubwa Whaam!, zikawa hazifichiki tena. Lakini nchi iliyozipa nukta nyeusi makao ya kudumu ni Japani.

Japani baada ya vita

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watoto wa Japani walisoma vijitabu vya picha vya bei ya chini vilivyochapwa kwenye karatasi hafifu. Mwaka 1947 kijana Tezuka Osamu, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, alitoa pamoja na Sakai Shichima hadithi ya Shin Takarajima, nayo ikawavuta vijana wengi waliokuja kuwa wachoraji. Tarehe 17 Machi 1959 magazeti mawili ya kila wiki ya hadithi za picha kwa wavulana, Shonen Magazine na Shonen Sunday, yalianza siku moja. Shonen Jump likafuata mwaka 1968, na mwishoni mwa mwaka 1994 toleo lake moja lilifikia nakala milioni 6.53.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza nukta. Gazeti nene la mamia ya kurasa, linalouzwa kwa bei ya mtoto na kutupwa baada ya kusomwa, haliwezi kuchapwa kwa rangi nyingi. Kurasa chache za mwanzo hupewa rangi; zilizobaki ni wino mmoja juu ya karatasi ya kukwaruza. Mchoraji anadaiwa kurasa karibu 20 kila wiki. Hana muda wa kuchora mistari elfu ya kivuli, wala hana rangi. Ana mstari, ana weusi, ana weupe, na tangu karatasi za toni zilipoenea, hasa kuanzia miaka ya 1970, ana kijivu cha nukta.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo vijana wetu huyachanganya. Anime ni filamu za michoro. Tetsuwan Atomu ya Tezuka ilianza kuonyeshwa katika televisheni tarehe 1 Januari 1963. Filamu hizo zilipakwa rangi bapa juu ya karatasi angavu za seluloidi, kivuli kikiwa rangi moja iliyokolea zaidi yenye mpaka mkali. Nukta hazikuwa za filamu. Ni za manga, yaani hadithi za kitabuni. Mtoto anayechora "anime kwa wino na nukta" anachukua sura kutoka katika filamu na kivuli kutoka katika gazeti, bila kujua kwamba ameunganisha sanaa mbili zilizo ndugu.

Kazi ya kisu

Karatasi za toni zilitambulishwa kwa namba. Maarufu kupita zote ni namba 61: safu 60 za nukta katika inchi moja, wino ukifunika asilimia 10 ya mahali. Hicho ndicho kivuli cha shingoni na cha shati jeupe. Safu hizo hupangwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kwa kuwa jicho hutambua upesi safu zilizolala au zilizosimama, lakini husamehe zilizoinama.

Mchoro wa kazi hufanywa mkubwa kuliko ukurasa wa gazeti, kisha hupunguzwa hadi takriban asilimia 83. Nukta nazo hupungua: safu 60 katika inchi huwa safu 72. Mchoraji asiyekumbuka hesabu hiyo akachagua nukta zilizo ndogo mno, karatasi hafifu hunywa wino, nukta zikagusana, na kivuli chake kikawa uchafu. Basi kuchagua kijivu kulihitaji kuona kwa akili kitu ambacho bado hakijaonekana kwa macho.

Kubandika nako kulikuwa na sheria zake. Toni mbili zikipandishana bila kulingana, hutokea mawimbi yasiyotakiwa. Ukitaka kuyaona mawimbi hayo nyumbani, weka chandarua juu ya chandarua na ukivute kimoja kidogo. Wachapaji wa Ulaya huyaita kwa jina la hariri yenye mng'aro wa maji. Toni iliyokwisha kubandikwa iliweza kukwaruzwa kwa ncha ya kisu, nukta zikabanduka moja moja, na hapo ndipo yalipopatikana mawingu, mvuke wa chai, mwanga wa taa. Mkono ukizidi nguvu, karatasi ya chini inachanika na kazi ya siku nzima inaharibika. Wasaidizi wa mchoraji walikesha na kazi hiyo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kurasa.

Zilikuwapo pia karatasi za nakshi: maua, nyota, mirabaraba, vitambaa vya darizi. Wachoraji wa hadithi za wasichana walizitumia kwa maana ya ndani. Maua yanayochanua nyuma ya kichwa cha msichana hayako chumbani alimosimama. Yako moyoni mwake. Nakshi ina kasoro moja, kwamba ni bapa. Ukiijaza sketi nzima kwa kipande kimoja cha mirabaraba, sketi huonekana kama ubao. Fundi hukata kipande kimoja kwa kila kunjo la nguo, akakigeuza kidogo ili mirabaraba ifuate mwili unaotembea chini yake.

Si wote waliozipenda. Toriyama Akira, mwenye Dragon Ball iliyotoka katika Shonen Jump tangu mwaka 1984 hadi 1995, alijulikana kwa kutumia toni kwa uchache sana, akaegemea mstari na weusi mtupu. Aghalabu aliye bingwa wa chombo ni yule anayejua pia wakati wa kukiacha.

Nukta ndani ya kompyuta

Mwaka 2001 kampuni ya Celsys ya Tokyo ilitoa programu ya ComicStudio, na mwaka 2012 ikatoa Clip Studio Paint. Kisu na gundi vikaingia ndani ya skrini. Mchoraji anaandika tu idadi ya safu, asilimia ya wino na mshazari, na kivuli kinatokea. Akikosea, hachani karatasi. Anafuta na kuanza upya. Toni iliyonunuliwa mara moja haiishi.

Lakini sheria ya zamani haikufa. Tufanye hesabu kama darasani. Ukurasa wa kompyuta ukiwa na pikseli 600 katika inchi, na toni ikiwa na safu 60, kila nukta ina kiwanja cha pikseli 10 kwa 10, yaani pikseli 100. Kivuli cha asilimia 10 kitajaza pikseli 10 kati ya hizo, na nukta itapata umbo la kuridhisha. Ukurasa ukiwa na pikseli 300, kiwanja kinakuwa 5 kwa 5, yaani 25, na asilimia 10 ni pikseli mbili na nusu. Pikseli haigawanyiki. Nukta moja itapata mbili, jirani yake tatu, na kivuli kitaonekana kimechakaa. Tena, mchoro wenye nukta ukipunguzwa ovyo ili utoshe skrini ya simu, yale mawimbi ya vyandarua viwili hurudi. Ndiyo maana wachoraji hodari huamua ukubwa wa mwisho wa ukurasa kwanza, ndipo wanapoweka toni.

Hapo lipo swali lililonisumbua. Skrini ina kijivu cha kila namna. Kwa nini basi kijana achore nukta pasipo na mashine ya uchapaji wala karatasi hafifu? Jibu nililipata katika somo langu mwenyewe. Neno kuchapa ni kupiga; na hata leo twasema mtu anachapa barua kwa kompyuta, ingawa hakuna herufi ya chuma inayopiga karatasi. Twapiga simu, twapiga picha, wala hapana anayepigwa. Chombo kimeondoka, maana imebaki. Nukta nazo zilizaliwa na umaskini wa wino mmoja, zikasomwa na mamilioni ya watoto kwa miongo mingi, mpaka zikawa msamiati: hizi ni kivuli cha mchana, zile ni huzuni, zile nyingine ni uso wa mtu aliyeficha jambo.

Kazi ya nani?

Sasa nirudi kwenye bahasha. Nilimnyima mwanafunzi nafasi kwa sababu hakuzichora nukta zake. Lakini Day hakuzichora, Crane hakuzichora, na wale wasaidizi wa Tokyo waliokesha na visu hawakuzichora. Katika historia yote niliyoieleza, kazi ya mchoraji ilikuwa kuchagua, kukata na kuweka. Na mimi, mwalimu wa lugha, nilipaswa kulielewa hilo kuliko mtu yeyote. Mwanafunzi akiitia methali mahali pake katika insha, je, tunamnyima alama kwa kuwa hakuitunga yeye? Twampa, tena twamsifu. Tunachokiadhibu ni methali iliyobandikwa pasipo haja, kama mirabaraba iliyo bapa juu ya sketi.

Sisemi kwamba kila kilichotoka katika simu ni sanaa. Wepesi una hatari yake. Kisu kilipokuwa ghali kukosea, mtu alifikiri kabla ya kukata, na yuko kijana leo anayejaza ukurasa kwa nakshi ishirini kwa kuwa hazimgharimu kitu. Hilo ni la kufundishwa, kama tunavyofundisha kupunguza maneno. Haliponywi kwa kumfukuza mtoto mlangoni.

Kijitabu chetu kilichapwa bila picha zake. Kilikuwa na picha za penseli za wanafunzi wengine, nzuri mno zilipokuwa mezani kwangu. Zilitoka kwenye mashine kama ule mlima wangu wa mtihani. Muhula uliofuata nilimwita msichana yule, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa bahasha nayo waliiona wenzake. Akasema, "Si neno, Mwalimu." Nikamwomba picha zile kwa toleo la pili. Alipozileta, nilizitazama kwa kioo cha kukuza, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Mirabaraba ya sketi ilikuwa imekatwa kwa kila kunjo, kila kipande na mshazari wake. Nilimwuliza ilimchukua muda gani. Jioni tatu, alijibu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeuliza juu ya nukta. Juu ya sketi sikuuliza. Mashine ilizichapa zote sita bila doa.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wanachama. Sanaa hii imeshaingia madarasani mwetu, na wanafunzi huizungumzia kwa maneno ya Kiingereza na ya Kijapani kwa sababu hatujawapa mengine. Mimi napendekeza kivuli cha nukta kwa hiyo karatasi na mfano wake wa kompyuta, na ujazo wa nakshi kwa mahali panapojazwa maua au mirabaraba, kwa kuwa nakshi ni neno la milango yetu na darizi zetu, na linabeba maana ile ile ya pambo linalorudiarudia. Wenzangu wenye maneno yaliyo bora wayalete katika matoleo yajayo, na kabla ya kuyaleta wawaulize kwanza watoto wanaochora.